Namna ya Kumfundisha Mtoto Mdogo Kukisia kwa Kufuata Dalili

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wazazi na walimu wa madarasa ya awali yanafanana sana. Mmoja huuliza kwa nini mtoto wake anasoma kila neno bila kukwama, lakini akiulizwa jambo ambalo kitabu hakikulitaja waziwazi hunyamaza. Mwingine huuliza kwa nini mtoto hutoa jibu lolote linalomjia mdomoni. Wa tatu anataka kujua aanze lini na kwa kutumia nini. Nimeandika mwongozo huu ili kuwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu chanzo cha matatizo yao ni kimoja: mtoto hajaonyeshwa namna ya kuunganisha anachokiona na anachokijua ili apate jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Kazi hiyo ndiyo ninayoiita hapa kukisia kwa dalili. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inaeleza nadharia yote utakayoihitaji. Mawingu yanaonekana, mvua bado haijaonekana, na kinachoziba pengo kati ya viwili hivyo ni kumbukumbu ya siku nyingine ambazo mawingu ya namna ile yalileta mvua. Kwa hiyo kisio lina sehemu tatu, yaani dalili, ujuzi na hitimisho. Anayetoa hitimisho bila dalili anabahatisha, na tofauti kati ya kukisia na kubahatisha ndiyo utakayokuwa unaifundisha tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Unaweza kuanza mtoto akiwa na umri wa miaka 4, na hatua za mwisho zinamfaa hata mwenye miaka 8. Usisubiri ajue kusoma. Mtoto aliyezoea kukisia kwa vitu anavyovishika huingia kwenye kusoma akiwa tayari anajua kwamba mambo mengine hayasemwi bali hung'amuliwa. Hata hivyo, hujachelewa ikiwa wako anasoma tayari. Mwaka 1988 watafiti Nicola Yuill na Jane Oakhill walichapisha matokeo ya kuwafundisha kukisia watoto waliokuwa wanasoma maneno vizuri lakini hawaelewi walichokisoma, na uelewa wa watoto hao uliongezeka.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Mfuko wa kitambaa au boksi lisiloonyesha kilichomo ndani.
- Vitu sita hadi vinane ambavyo vimekwisha kutumika, kwa mfano kiatu chenye matope, penseli iliyochongwa hadi ikabaki fupi, taulo lenye unyevu, mshumaa ulioungua nusu, mkoba wenye kamba iliyokatika, au kitabu kilichokunjwa pembe ya ukurasa.
- Picha tatu au nne zisizo na maandishi, zinazoonyesha watu wakiwa katikati ya shughuli.
- Karatasi kubwa iliyogawanywa katika safu tatu zenye vichwa hivi: Ninaona, Ninajua, Kwa hiyo.
- Kitabu cha hadithi ambacho mtoto hajawahi kusomewa.
- Dakika 10 kwa siku, au 5 ikiwa mtoto ana miaka 4.

Nimesisitiza vitu vilivyotumika kwa sababu kosa la kwanza la wengi ni kununua vifaa vipya. Kitu kipya hakina historia. Penseli mpya haisemi chochote zaidi ya kuwa ni penseli, ilhali penseli fupi yenye alama za meno kwenye ncha ya nyuma inaweza kuzungumziwa kwa muda mrefu.

Andaa pia maneno. Kiswahili kina hazina nzuri kwa kazi hii, na mtoto huyasikia maneno hayo kila siku bila kuonyeshwa yanafanya nini. "Mbona" ni neno la aliyeona jambo lisilo la kawaida. "Huenda" na "labda" ni ya asiye na uhakika. "Atakuwa ametoka" husemwa na mtu ambaye hakumwona mwenzake akitoka, lakini ameona dalili za kutosha kulisema hilo. "Kumbe" ni neno la aliyekisia vibaya na sasa ameujua ukweli. Yatumie maneno hayo kwa makusudi katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Mfundishe kutaja anachokiona kabla ya anachofikiri

Weka taulo lenye unyevu mbele yake na umuulize anaona nini. Kuna uwezekano mkubwa atajibu kwamba mtu ameoga. Jibu hilo ni hitimisho, si kitu kinachoonekana, lakini usimwambie amekosea. Mwambie kwamba ni wazo zuri ambalo mtalirudia, ila kwanza akutajie kile ambacho macho yake yanakiona na mikono yake inakigusa. Mwongoze hadi aseme kwamba taulo lina unyevu, limekunjamana, na lina unyoya mmoja mdogo upande wa chini.

Kipimo rahisi kwa mtoto ni hiki: je, tunaweza kukigusa au kukipiga picha? Unyevu unagusika na mikunjo inapigika picha, lakini kuoga hakumo ndani ya taulo. Kaa katika hatua hii kwa siku tatu au nne, ukibadilisha kitu kila siku. Najua inachosha, na wazazi wengi huiruka kwa kudhani kwamba mtoto amekwisha kuelewa. Ukiiruka utailipia katika hatua ya 4, ambapo mtoto atashindwa kutaja dalili kwa sababu hajazoea kuitenga na wazo lake.

Hatua ya 2: Fikiri kwa sauti mbele yake

Kwa siku kadhaa usimuulize chochote. Badala yake, mwache akusikie ukikisia katika shughuli zako za kawaida, na uhakikishe kwamba sehemu zote tatu zinasikika. Kwa mfano: "Mbona pazia linatikisika? Dirisha lile nililifunga asubuhi. Najua pazia halitikisiki pasipo upepo. Dirisha litakuwa limefunguliwa. Ngoja nikatazame."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mtoto anapokuona ukiinuka kwenda kuhakikisha, anajifunza kwamba kisio ni jambo la kupimwa. Na ukikuta dirisha limefungwa na feni ndiyo iliyowashwa, sema kwa sauti ile ile: "Kumbe ni feni." Usijifanye kukosea. Watoto hutambua maigizo mapema, na makosa ya kweli yatatokea yenyewe.

Hatua ya 3: Toa kitu kimoja mfukoni na uulize swali moja

Sasa mtoto aingize mkono mfukoni na atoe kitu kimoja. Muulize swali moja tu, ama "Ni nini kilichotokea kwa kitu hiki?" ama "Ni nani anayeweza kuwa alikitumia?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda watu wazima. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aliwachunguza walimu darasani, akakuta kwamba baada ya kuuliza swali walisubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, watoto walitoa majibu marefu zaidi na waliambatanisha hoja zao na ushahidi mara nyingi zaidi. Hesabu moyoni hadi tano. Mtoto wa miaka 4 anayetazama kiatu chenye matope anahitaji muda wa kukumbuka mahali alipowahi kuona matope, na swali lako la pili, hata liwe la kumsaidia, humkatiza njiani.

Hatua ya 4: Muulize "Umejuaje?"

Hili ndilo swali ambalo ningekuomba ulichukue hata kama utaacha mengine yote katika mwongozo huu. Mtoto akisema kwamba mwenye kiatu alipita mahali penye maji, usiseme "vizuri" wala "hapana." Uliza "Umejuaje?" na uandike majibu yake katika safu tatu za karatasi. Asiyejua kuandika atachora, nawe utaandika chini ya mchoro maneno yake kama alivyoyatamka.

Uliza swali hilo hata pale jibu linapokuwa sahihi kabisa. Ukiliuliza tu anapokosea, baada ya wiki moja mtoto atakuwa amekisia jambo jingine, yaani kwamba "Umejuaje?" maana yake ni "Umekosea," na atabadilisha jibu kila akilisikia. Nimeliona hili kwa watoto wengi waliokuwa na majibu mazuri na wakayatupa kwa sababu hiyo. Sauti na uso wako vibaki vilevile kwa jibu lililo sawa na lisilo sawa.

Thamini dalili kuliko usahihi. Mtoto anayesema kwamba mshumaa uliwashwa usiku kwa sababu utambi wake ni mweusi na umepungua kimo amefanya kazi nzuri, hata kama wewe unajua kwamba uliwashwa mchana. Mweleze hivyo waziwazi: dalili zake zilikuwa za kweli, ila hazikutosha kuonyesha wakati.

Hatua ya 5: Ongeza dalili inayobadilisha mambo

Mtoto akishazoea dalili moja, panga dalili mbili au tatu na umwonyeshe moja baada ya nyingine. Mfano ninaoupenda ni wa mwavuli uliolowa. Mwonyeshe mwavuli peke yake, naye atasema kwamba mvua imenyesha. Mpeleke dirishani aone kwamba ardhi imekauka. Mwache ahangaike kidogo na hali hiyo. Kisha mwonyeshe ndoo ya maji yenye povu la sabuni uliyoiweka kando. Hapo, bila wewe kumfundisha, watoto wengi husema wenyewe "Kumbe umeoshwa!"

Tafuta mifano mingi ya aina hii, kwa kuwa kubadilisha wazo pasipo kuona aibu ni jambo gumu kuliko kulipata wazo lenyewe. Usimcheke mtoto aliyesema mvua. Dalili aliyokuwa nayo wakati ule ilielekeza huko, na mtu mwenye busara angesema vilevile. Mwambie: "Ulikuwa na dalili moja, sasa unazo tatu."

Hatua ya 6: Mzoeze kupima uhakika wake

Chagua maneno matatu tu, kwa mfano "huenda," "nadhani" na "bila shaka," na umwonyeshe kwamba dalili zikiongezeka neno hubadilika. Viatu vya kaka yake havipo mahali pake: huenda ametoka. Mkoba wake wa shule pia haupo: nadhani atakuwa amekwenda shuleni. Nyote mlimsikia akiaga na kusema anakwenda shuleni: bila shaka. Watoto wadogo hupenda kusema "bila shaka" kwa kila jambo, na dawa yake ni kuwauliza kwa upole ni dalili ngapi walizonazo mkononi.

Hatua ya 7: Ingia katika hisia na mawazo ya watu

Hapa nenda polepole zaidi, kwa kuwa nyuso za watu si viatu. Machozi yanaweza kutoka kwa huzuni, kwa maumivu, kwa furaha au kwa moshi uliomwingia mtu machoni. Kwa hiyo kila unapomwonyesha picha ya mtu, dai makisio mawili tofauti, kisha muulize ni dalili gani katika picha inayolipa moja nguvu kuliko jingine. Mwelekeze atazame mikono, mabega, watu walio karibu na mahali tukio lilipo, kwa kuwa watoto wengi hutazama mdomo tu.

Kukisia kile ambacho mtu mwingine anafikiri ni kugumu zaidi. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza jaribio ambalo mtoto husimuliwa habari za mtu aliyeweka kitu mahali fulani, kikahamishwa akiwa hayupo, kisha huulizwa mwenye kitu atakitafuta wapi. Watoto wengi wenye umri wa chini ya miaka 4 huonyesha mahali kilipo sasa, kwa maana hawajaweza kutenganisha wanachokijua wao na anachokijua mwingine. Mtoto wako akijibu hivyo, hana kasoro. Rudi kwenye vitu na ujaribu tena baada ya miezi michache.

Nina onyo moja zito katika hatua hii. Usitumie kamwe kukisia kwa dalili kumtafuta aliyefanya kosa nyumbani au darasani. Kikombe kikivunjika na ukawaambia watoto wakisie ni nani aliyekivunja, umeugeuza mchezo kuwa mahakama. Mtoto mmoja atatajwa kwa sababu ana maji kwenye nguo, naye hatasahau, na wengine watajifunza kwamba dalili ni silaha ya kumshtaki mwenzao. Vilevile usiwaruhusu wakisie kwa sauti hali ya mtu aliyepo mbele yao asiyeomba kutazamwa. Mtoto akisema kwamba jirani ana hasira, mweleze kwamba kuhusu mtu aliye karibu tunaweza kumuuliza mwenyewe kwa adabu.

Hatua ya 8: Hamia kwenye maandishi

Anza na vijisehemu vya sentensi moja au mbili kabla ya kufungua kitabu. Msomee wewe, hata kama anajua kusoma, ili akili yake yote iwe kwenye maana. Hivi hapa vitatu vya kuanzia:

- Neema alizima taa, akavuta shuka hadi kidevuni. (Ni wakati gani? Yuko wapi?)
- Juma aliitazama saa, akaruka kutoka kitandani na kutoka nje bila kufunga kamba za viatu. (Kwa nini hakuzifunga?)
- Mama aliinua simu, akasikiliza, kisha akaketi taratibu bila kusema neno. (Huenda alisikia nini?)

Cha tatu hakina jibu moja, na nimekiweka kwa makusudi. Mtoto anatakiwa ajue kwamba kuna mahali ambapo dalili zinaishia, na kusema "hatujui bado, tusome mbele" ni jibu halali.

Usisahau pia viambishi. Kiambishi a- katika kitenzi chetu hakituambii ni nani anayetajwa, na mara nyingi msomaji huachiwa kazi ya kung'amua. Msomee: "Asha alimkimbilia bibi yake kwa sababu alikuwa anaogopa." Muulize ni nani aliyekuwa anaogopa. Kisha ubadilishe: "Asha alimkimbilia bibi yake kwa sababu alikuwa anaanguka." Viambishi ni vilevile, lakini aliyetajwa mwishoni amebadilika, na mtoto amemtambua kwa ujuzi wake wa maisha wala si kwa sarufi. Walimu wengi hushangaa kuona ni watoto wangapi wanaojikwaa hapa wakati wanasoma kwa ufasaha mkubwa.

Unapofika kwenye kitabu chenyewe, simama mara mbili au tatu katika hadithi nzima. Kusimama kila ukurasa huua hadithi, na mtoto aliyepoteza hamu ya kujua mwisho hana sababu ya kukisia chochote.

Hatua ya 9: Mwachie mtoto akupangie dalili

Mpe mfuko achague vitu vitatu vya mtu mmoja wa kubuni, nawe ukisie mtu huyo ni nani na anafanya kazi gani. Sema unachokiona, unachokijua na unachohitimisha, naye akuulize "Umejuaje?" Anayeweza kuchagua dalili zinazotosha bila kutoa jibu zima ameshika somo.

Wengi huniuliza kama vitendawili vinafaa hapa. Vinafaa kwa kunoa lugha na nisingependa mtoto avikose, lakini kitendawili kingi jibu lake hukaririwa, na aliyekariri hafuati dalili. Kama unataka kuvitumia, tungeni vipya pamoja.

Mkikwama

*Mtoto anajibu "sijui" kila mara.* Swali ni pana mno. Mpe makisio mawili achague: "Kiatu hiki kilivaliwa ndani ya nyumba au nje?" Kisha uliza amejuaje. Baada ya siku kadhaa ondoa machaguo.

*Anatoa majibu ya ajabu, kwa mfano kwamba joka ndilo lililoukata mkoba.* Usimzime. Mwambie kwamba hilo ni la mchezo wa kubuni ambao mtaucheza baadaye, na sasa mnatafuta jibu lenye dalili mezani. Timiza ahadi hiyo, la sivyo hatakuamini.

*Dalili iko wazi lakini haimwambii kitu.* Huenda hana ujuzi unaohitajika. Mtoto ambaye hajawahi kuona mshumaa ukiwaka hawezi kujua kwamba hupungua. Badilisha dalili, au mwonyeshe kwanza jambo lenyewe kisha urudi siku nyingine. Usilichukue kama udhaifu wa akili.

*Katika kundi, mmoja hujibu na wengine humfuata.* Kila mtoto achore kisio lake kabla ya yeyote kusema.

*Anakisia vizuri kwa vitu, lakini akisoma mwenyewe hashiki kitu.* Msomee kifungu kilekile kwa sauti. Akikielewa, mzigo uko kwenye kutambua maneno, na hapo ndipo pa kumsaidia. Asipokielewa hata kwa kusikia, rudi hatua ya 8 na vijisehemu vifupi. Ikiwa miezi inapita na bado haelewi maelezo mepesi ya kila siku, apimwe masikio na macho, na mtaalamu wa lugha ya watoto amwone.

*Hujui ni lini uache mfuko.* Uache pale mtoto anapoanza kusema "mbona" bila kuulizwa, akaja kukuonyesha alichokiona na kukueleza anachodhani. Andika siku hizo kwenye ile karatasi ya safu tatu. Zikifika tano au sita ndani ya wiki moja, funga mfuko na uendelee na vitabu peke yake.